Zisomeni Pedi Kuukuu Kabla ya Kuzitupa

Gari linalolala Chamazi au Mabwepande na kushinda mjini hutumia breki kwa namna mbili ndani ya asubuhi moja. Kwanza linapita kwenye mchanga, mashimo na, wakati wa masika, madimbwi yanayofunika nusu ya tairi. Kisha linaingia Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo, kwenye foleni, mguu haubanduki kwenye pedali. Tope linaingia kwenye kalipa likiwa bichi, na joto la foleni linalikausha humo humo. Ndiyo maana Prado na RAV4 za pembezoni mwa Dar es Salaam hufika gereji pedi moja imebaki chuma kitupu, mwenzake bado nene.

Kinachofuata mara nyingi kinaniudhi. Pedi za zamani zinatupwa, seti mpya inafungwa, gari linaondoka, na baada ya muda mfupi upande ule ule unakwaruza tena. Lawama zinaenda kwa pedi feki. Feki zipo na ni hatari, lakini seti feki kwa kawaida huisha haraka kulia na kushoto, ndani na nje. Pedi moja ikiisha peke yake, kuna kitu kinachoikandamiza wakati wenzake wamepumzika.

Kwa hiyo pedi nne za mbele, au nne za nyuma, zipangwe chini kama zilivyokaa kwenye gari: kulia nje, kulia ndani, kushoto ndani, kushoto nje. Zipimwe kwa rula kila ncha. Pedi mpya ya mbele huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi bila kuhesabu bamba la chuma. Zikibaki 3, ni ya kubadilishwa. Tofauti ya milimita 1 si neno. Ikifika 4 au 5, msifunge chochote kipya kabla ya kupata chanzo.

Kwenye RAV4 nyingi, na nyuma ya Prado 120 zilizotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, kalipa ina pistoni moja upande wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani kwenye diski, halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake na kuileta pedi ya nje. Pini zikishikwa na kutu na tope, pedi ya ndani inabaki kufanya kazi peke yake. Ikikwama pini moja tu, kalipa inakaa mshazari na pedi inalika kama kabari, nene huku na nyembamba kule. Fundi aishike pini kwa vidole: nzima inateleza na kuzunguka bila kulazimishwa. Ikidai nyundo, hakuna haja ya kuendelea kukisia. Zikiwa huru, aikague pistoni, maana isiporudi nayo huimaliza pedi ya ndani.

Pini isafishwe, na mpira wa vumbi uliochanika ubadilishwe. Kwenye grisi nasisitiza. Grisi ya beringi, ile ya kopo iliyopo kila gereji, imetokana na mafuta ya petroli, na mipira ya breki ikikutana nayo huvimba. Mwanzoni pini inateleza vizuri. Baadaye mpira uliovimba unaibana upya. Inatakiwa grisi ya silikoni au nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na seti ya pedi.

Mbele ya Prado hiyo hiyo kalipa haitelezi. Ina pistoni nne, mbili kila upande, kwa hiyo pedi moja ikiisha mapema, mshukiwa wa kwanza ni pistoni iliyoganda.

Tofauti ikiwa kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, hosi nayo ichunguzwe. Inua gurudumu kwa jeki, kanyaga breki, achia, kisha lizungushe kwa mkono. Likigoma, legeza skrubu ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, presha ilikuwa imenaswa. Hosi iliyochakaa ndani hupitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi, hata kama kwa nje inaonekana mpya. Likiendelea kugoma, rudi kwenye pistoni na pini.

Baadhi ya Prado na Land Cruiser zina mfumo wa umeme unaolipiga breki gurudumu linalozunguka bure mchangani. Anayekwama kila siku kwenye mchanga ule ule, kwa upande ule ule, asishangae pedi za gurudumu hilo kutangulia kwisha ingawa kila kitu kinateleza.

Pedi zibadilishwe kulia na kushoto kwa pamoja. Kisha gari liendeshwe kilomita kadhaa, lisimamishwe, na kiganja kisogezwe karibu na kila rimu bila kugusa. Upande mmoja ukiwa na joto kali kuliko mwenzake, gari lirudi kwenye jeki kabla mwenyewe hajalipa.