Nyumba za Mohoro katika Somo la Uchoraji

Imekuwa desturi kumwanzisha mwanafunzi wa uchoraji kwa nyumba, kwa kuwa nyumba ina kuta, pembe na paa, na hudhihirisha wazi kanuni za umbali, nuru na kivuli. Desturi hiyo ni njema. Tunaloshutumu ni nyumba inayochaguliwa: ikiwa ni ya matofali, yenye bomba la moshi juu ya paa, mfano wa nyumba za kando ya miji ya Uingereza, mwanafunzi wa Mohoro, kusini mwa mto Rufiji, hujifunza kunakili tu. Kuona hajajifunza.

Natusimame basi mwanzo wa njia ya mchanga, kati ya safu mbili za nyumba za miti na udongo. Kilele cha paa, kilicho juu ya macho yetu, hushuka kadiri kinavyokwenda mbali. Msingi wa ukuta hupanda. Na yote mawili huelekea nukta moja katika upeo wa macho. Lakini makuti hayana ukingo ulionyoka. Mchoraji hana budi kuufikiria mti uliolala chini yake, pengine boriti ya mkoko iliyokatwa deltani, ndipo mstari wake uwe wa kweli. Hivyo anayejua nyumba ilivyojengwa huichora vyema zaidi.

Nuru nayo ina mafunzo yake. Mohoro iko nyuzi 8 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini, na kivuli huanguka kusini. Desemba mambo hugeuka. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua hupita utosini, na ukuta hufunikwa na kivuli cha upenu. Hata hivyo kivuli hicho si cheusi, kwani mchanga mkavu hurudisha nuru ukutani. Kipande cha mkaa chatosha kuonyesha tofauti hiyo, mradi jicho limeiona kwanza.

Wengine watauliza: je, kanuni hizi si za kigeni? Kweli, Alberti wa Italia aliziandika mwaka 1435, nazo ni njia moja tu ya kutazama. Sam Ntiro wa Machame alisoma Makerere, kisha Slade mjini London. Lakini katika picha zake za vijiji vya Kilimanjaro, vya mbali havififii kama kanuni inavyotaka. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, aliwachora wanyama bila kuwapa kivuli, na nguvu ya picha zake imo katika mkato wa umbo na mpangilio wa rangi. Kazi hizo hazina upungufu. Zina kanuni nyingine.

Kwa hiyo tunasema: mwanafunzi afundishwe kanuni ya umbali kama fundi afundishwavyo kutumia timazi. Ni chombo, si kipimo cha ustaarabu. Na afundishiwe penye nyumba ya kwao, asije akadhani kwamba nyumba inayostahili kuchorwa ni ile tu ambayo hajapata kuingia.