Manung'uniko Jangwani: Uhakiki wa Simulizi za Kutoka na Hesabu

Katika simulizi za safari ya Waisraeli jangwani, hakuna kosa lililorudiwa mara nyingi kama kunung'unika. Kwa sababu hiyo wasomaji wengi wamezifanya simulizi hizo kuwa fundisho moja jepesi: alalamikaye hana imani, na anyamazaye ndiye mcha Mungu. Fundisho hilo limewafaa sana wenye mamlaka. Hata hivyo, mpangilio wa matukio na maneno yaliyotumiwa yaonyesha kwamba silo lisemwalo na simulizi zenyewe.

Jambo la kwanza ni mpangilio. Mlima Sinai umezigawa simulizi hizi sehemu mbili. Kabla ya Sinai watu wanakwenda siku tatu bila maji, na wafikapo Mara wanayakuta ni machungu. Katika jangwa la Sini wana njaa. Huko Refidimu hakuna maji. Mara zote tatu wanalalamika, na mara zote tatu wanapewa: maji yanakuwa matamu, mana inashuka pamoja na kware, mwamba unabubujika. Hakuna aadhibiwaye kwa kulalamika. Uhitaji ulikuwa wa kweli, nao unajibiwa kama uhitaji.

Baada ya Sinai mambo yanageuka. Katika Hesabu 11 watu wanayo mana, lakini wanatamani samaki, matango na vitunguu vya Misri. Wanapewa kware, na pigo juu yake. Katika Hesabu 14, wapelelezi wakiisha kurudi, watu wanaazimia kuweka kiongozi wa kuwarudisha Misri, na siku 40 za upelelezi zinalipwa kwa miaka 40 ya kutangatanga. Ni kweli kwamba nyama za Misri zinakumbukwa hata katika Kutoka 16. Lakini huko ni kilio cha mwenye njaa. Hapa ni shauri la kuufuta ukombozi wenyewe. George W. Coats, katika kitabu chake Rebellion in the Wilderness (1968), aliyasoma manung'uniko kuwa ni uasi dhidi ya kutolewa Misri. Rai hiyo yaeleza vema tukio la Hesabu 14. Kwa tukio la Mara yaelekea kuwa nzito mno.

Jambo la pili ni Musa mwenyewe. Katika sura ile ile ya Hesabu 11 analalamika kwa ukali kuliko wote: anamuuliza Mungu kwa nini amemtwika watu ambao hakuwachukulia mimba, na anaomba afe. Haadhibiwi, anapewa wazee 70 wa kumsaidia mzigo. Tofauti yake na watu si upole wa maneno. Musa anamlalamikia Mungu usoni pake, ilhali watu, kama Kumbukumbu la Torati 1 inavyosimulia, walinung'unika hemani mwao wakidai kwamba Mungu anawachukia. Wa kwanza bado anatazamia jibu. Wa pili wamekwisha kutoa hukumu. Tena Musa anapozuiwa kuingia katika nchi ya ahadi, katika Hesabu 20, sababu inayotajwa si malalamiko bali kutomwamini Mungu. Shutuma ya simulizi, basi, yaangukia kukata tamani na Mungu, wala si kufungua kinywa.

Jambo la tatu ni lugha. Kitenzi cha Kiebrania kilicho kiini cha simulizi hizi, chenye mzizi l-w-n, hakionekani sana nje ya habari za jangwani. Pamoja nacho limo neno rib, lenye maana ya kugombana na pia ya kudaiana haki mbele ya mwamuzi; ndilo asili ya jina Meriba. Tafsiri ya Union ya 1952 ilitumia "kunung'unika" kwa la kwanza na "kuteta" kwa la pili. "Kunung'unika" ni neno la sauti ya chini, la mtu asemaye pembeni. Lafaa kabisa kwa maneno ya hemani. Lakini halilingani na usiku wa Hesabu 14, ambapo mkutano mzima unapaza sauti, unalia, kisha unataka kuwapiga viongozi kwa mawe. "Kuteta" nako kwabeba ugomvi, lakini hakubebi madai ya haki.

Matokeo yake si madogo. Msomaji wa Kiswahili asikia udhaifu wa tabia mahali ambapo pamesimuliwa uasi, na asikia ugomvi mtupu mahali ambapo watu wenye kiu wanadai maji. Hapo ndipo fundisho jepesi lilipopata nguvu: mnong'ono wa mwenye njaa na njama ya kurudi utumwani vimewekwa chini ya jina moja, kisha vikahukumiwa pamoja. Simulizi zenyewe zilikuwa zimevitenganisha. Mhubiri, mwalimu au mfasiri anayevichanganya amnyima mwenye kiu haki ambayo hata jangwani hakunyimwa.