Kutu Inayolinda Chuma: Weusi wa Bunduki za Ruvuma Ulivyotengenezwa

Weusi unaoelekea buluu kwenye mtutu wa bunduki ya zamani ya kijeshi si rangi iliyopakwa. Ni chuma chenyewe kilichogeuzwa kwa kemikali, na malighafi ya kazi hiyo ni kutu. Fundi aliipandisha kutu kwa makusudi, akaichemsha, akaizuia isiendelee. Kazi hiyo ilikuwa nzuri, lakini katika pwani ya Palma, Kionga na Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, haikuweza kusimama peke yake.

Tuanze na bunduki zenyewe. Jeshi la Ureno liliingia Vita Kuu ya Kwanza na Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, bunduki ya milimita 6.5 iliyotengenezwa Berlin katika kiwanda cha DWM. Hivyo Aprili 1916, Wareno walipowanyang'anya Wajerumani Kionga, walikuwa na silaha za Ujerumani mikononi. Tarehe 25 Novemba 1917 mambo yakageuka. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka mto Ruvuma, akaipiga kambi ya Wareno ya Negomano, na askari wake wengi wakaziacha bunduki zao kuukuu, wakachukua zile za Wareno pamoja na risasi zake.

Katika zama hizo viwanda vya Ulaya vilitumia njia ya polepole. Kwanza mtutu ulisafishwa mpaka usibaki na chembe ya mafuta. Baada ya hapo haukuguswa tena kwa mkono mtupu, maana jasho la kidole lingeacha doa. Matundu yote mawili yalizibwa. Kisha fundi alipitisha kitambaa chenye maji ya asidi yaliyoyeyushiwa chumvi za chuma, akipaka kidogo sana, kiasi cha kulowesha tu. Mtutu ukaning'inizwa kwa saa kadhaa ndani ya sanduku lenye unyevu, ukatoka umeota manyoya ya kutu nyekundu.

Kutu hiyo haikufutwa. Mtutu ulitumbukizwa katika maji safi yanayochemka, na wekundu ukageuka weusi mbele ya macho. Kutu nyekundu ni oksidi ya chuma iliyofungamana na maji. Joto huigeuza kuwa magnetaiti, oksidi nyeusi iliyotulia zaidi na inayoshikamana na chuma. Unga uliolegea uliondolewa kwa brashi ya waya laini, kisha kazi ikaanza upya: kupaka, kuning'iniza, kuchemsha, kupiga brashi. Kila mzunguko uliongeza weusi kidogo. Aliyefanya pupa alipata madoa, na aliyechemsha kwa maji yenye chumvi aliharibu kila kitu.

Ubora wa njia hii ni kwamba vipimo vya bunduki havibadiliki, kwa kuwa tabaka lenyewe ni jembamba mno. Udhaifu wake nao unatoka hapohapo. Tabaka hilo lina vitundu visivyoonekana kwa macho, na kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Mafuta yakikauka, ulinzi umekwisha. Kwenye pwani ya Cabo Delgado upepo unaotoka baharini hubeba chembe za chumvi. Chumvi hunyonya unyevu hewani, ikajitengenezea tone dogo juu ya chuma, na kloridi iliyomo humo ikapenya kwenye vile vitundu na kuchimba mashimo chini ya weusi. Mtu hutazama bunduki akaiona bado nyeusi, kumbe ndani imeshaliwa.

Adui wa pili alitoka ndani ya risasi yenyewe. Fataki nyingi za wakati ule, yaani viwashio vya risasi, zilikuwa na kloreti ya potasiamu. Ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, jamaa ya chumvi ya mezani. Mabaki hayo yalikaa ndani ya mtutu, mahali ambapo dawa ya weusi haikufika. Mafuta hayayeyushi chumvi. Dawa yake ilikuwa maji ya moto kwanza, kukausha, ndipo mafuta. Askari aliyeanza na mafuta alikuwa anaifunika chumvi tu.

Bahari iliwafikia Wajerumani hata kabla ya vita kufika Ruvuma. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilishambuliwa na Waingereza katika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga. Shehena ya bunduki na risasi iliopolewa, lakini risasi nyingi zilikuwa zimeingia maji ya bahari, ikabidi zifunguliwe na kukaushwa.

Viwanda vilijifunza. Miaka ya 1930 njia ya haraka ilienea: kutumbukiza chuma katika soda kostiki na naitreti kwenye joto la takriban nyuzi 140, kikatoka cheusi kwa muda mfupi. Hata hivyo oksidi ni ileile, na udhaifu ni uleule. Hatua kubwa zaidi ilikuwa tabaka la fosfeti, ambalo Thomas Watts Coslett alilipatia hataza Uingereza mwaka 1906. Fosfeti huota fuwele nene zenye kukwaruza, zinazoshika mafuta au rangi vizuri kuliko oksidi.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, mafunzo hayo yalikuwa yameingia kwenye silaha za zama mpya. G3 ya Wareno na AKM ya Kisovieti zote zilikuwa na fosfeti chini na rangi iliyookwa juu. AKM iliongezewa kromu ndani ya mtutu, na hivyo kujibu lile tatizo la chumvi ya fataki.

Kwa hiyo hukumu ni hii: weusi wa zamani ulikuwa ufundi mzuri uliotegemea mkono wa kila siku. Nawe unayetunza silaha kongwe ya makumbusho au urithi, usiipige msasa ili ing'ae. Weusi ukiondoka, chapa za kiwanda na ushahidi wa umri vinakwenda nao. Ifute kwa kitambaa kikavu, ipake mafuta membamba, iweke mbali na upepo wa bahari.