Sikio la Gitaa Tulivu

Mwimbaji akishika gitaa kavu na kuimba kama anayembembeleza mtoto alale, watu humpa alama za bure. "Huyu ametulia," wanasema, na hapo wanamaliza. Mimi naona huyo ndiye wa kukaguliwa kwa ukali zaidi. Katika bendi yenye tarumbeta nne, mpiga besi akikosea noti moja, tarumbeta zitamfunika. Mtu aliyekaa peke yake na nyuzi sita hana wa kumfunika.

Kipimo changu ni Nick Drake, Mwingereza aliyetoa albamu tatu tu: Five Leaves Left mwaka 1969, Bryter Layter mwaka 1971 na Pink Moon mwaka 1972. Wapenzi wa folki-roki tulivu humtaja mapema, na mara nyingi kwa sababu zisizo na maana. Kwa hiyo ni mtu mzuri wa kujifunzia.

Anza na kidole gumba. Usisikilize sauti ya mwimbaji kwanza. Ifuate besi inayotoka kwenye nyuzi nene. Kwa mpigaji hodari, gumba hutembea njia yake bila kuyumba huku vidole vingine vikicheza juu yake, hata ukadhani wako wawili. Wasikilizaji wa huku wana bahati: aliyekua akisikia "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda, iliyorekodiwa na Hugh Tracey kule Katanga mwaka 1952, tayari ana sikio la kazi hii. Mwenda alicharaza kwa gumba na kidole cha shahada, na gitaa moja likajaza chumba. Drake naye alikuwa akizilegeza na kuzikaza nyuzi zake kwa namna zisizo za kawaida, ndiyo maana wanaojaribu kumwiga kwa nyuzi zilizokazwa kwa namna ya kawaida huambulia patupu. Gumba likianza kusitasita kila mwimbaji anapofikia neno gumu, ujue vidole na koo bado havijazoeana.

Hapa nikiri jambo. Kwa miaka kadhaa nilimwona Drake mnyonge, eti kijana anayenung'unika. Kumbe nilikuwa nikimsikiliza kwenye spika ya simu, ambayo humeza besi yote. Nilipovaa hedifoni nzuri ndipo nikalisikia gumba. Muziki wa aina hii usiuhukumu kwa spika ndogo, wala ndani ya daladala.

Kisha tazama nani anaingia, na lini. Kwenye "Cello Song", gitaa linaanza peke yake, likizunguka mduara uleule. Zinakuja tumba za Rocky Dzidzornu, mpigaji wa asili ya Ghana, zimepigwa kwa viganja vyepesi mno hata mara ya kwanza unaweza kuzikosa. Selo inaingia, na Drake anavuma nayo bila maneno. Toa tumba, wimbo unabaki umekaa kitako. Ni zenyewe zinazoutembeza. Hicho ndicho cha kuulizia kwa kila ala ya ziada: ikiondolewa, wimbo unapungukiwa nini? Albamu nyingi za upole huharibikia hapa, kwa sababu prodyuza huogopa ukimya, akarundika fidla kama mtu anayezidisha nazi kwenye mchuzi ambao tayari umeiva.

Fidla zenyewe zina daraja zake. Mpangaji wa kwanza aliyeletwa kwa ajili ya Five Leaves Left hakumridhisha Drake, akaachwa, na kazi ikaenda kwa Robert Kirby, rafiki yake wa Cambridge, mwanafunzi asiye na jina. Sikiliza "Way to Blue": hakuna gitaa kabisa, ni sauti na nyuzi za fidla tu, na fidla hizo hazimlilii mwimbaji machozi. Zinasimama wima. Kwa "River Man" akatafutwa mzee wa kazi, Harry Robinson. Wimbo huo hesabu yake ni moja hadi tano badala ya moja hadi nne tuliyoizoea, lakini huusikii mguu ukijikwaa. Jaribu kuhesabu kwa vidole mezani. Utaona sauti ya Drake inafika nyuma kidogo ya pigo, kama mtu anayekuja bila haraka kwa sababu anajua atasubiriwa. Mwimbaji wa kawaida angeing'ang'ania hesabu hiyo ili uone kwamba anaijua.

Fundi mitambo naye ana sehemu yake. John Wood, kwenye studio ya Sound Techniques mjini London, aliweka sauti karibu hata unasikia kucha kwenye uzi, bila kuifanya pumzi ya mwimbaji kuwa kichekesho. Siku hizi wengi hunasa pumzi kwa makusudi, wakidhani kuhema ndiyo ukweli.

Kuna mtego mmoja. Drake alifariki mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 26, na tangu hapo watu husikia msiba katika kila wimbo wake. Ujaribu wimbo kabla ya kusoma wasifu. Bryter Layter, kwa mfano, ina jua ndani yake, na ina makosa pia: vipande vyake vitatu visivyo na uimbaji mimi huviruka, ni vitamu kama biskuti na vinaisha kama biskuti. Lakini "Northern Sky", ambamo John Cale anapiga selesta, inalipia albamu nzima.

Pink Moon ilirekodiwa kwa usiku mbili, Drake na Wood peke yao. Ina nyimbo 11 ndani ya dakika zipatazo 28, na kilichoongezwa juu ya sauti na gitaa ni noti chache za piano katika wimbo wa kwanza. Ukitaka kumpima mpigaji yeyote, mpe mfano wa kipande chake kiitwacho "Horn", ambacho hakifiki dakika moja na nusu. Hakuna maneno, na vidole havina kazi nyingi. Noti moja inapigwa, inaachwa ipungue, na ya pili haiguswi mpaka ile ya kwanza iwe karibu kuzimika.