Mzingo wa Nyumba Yenye Ukumbi

Twapenda kusema neno juu ya somo dogo la hesabu lifundishwalo vibaya mahali pengi, nalo ni mzingo wa maumbo yaliyounganishwa. Mzingo ni urefu wa njia ya mtu aendaye kandokando ya kitu mpaka arudi pale alipoanzia. Hata mtoto achungaye mbuzi aijua maana hii, kwani amekwisha kulizunguka boma mara nyingi. Lakini akifika darasani huambiwa kwamba mzingo ni kujumlisha pande zote, na hapo ndipo taabu inapoanza. Maana hakuambiwa ni pande zipi.

Na tutwae mfano ambao kila msomaji aweza kuutazama mwenyewe, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 6. Nyumba aliyoijenga Sulemani ilikuwa na urefu wa dhiraa 60 na upana wa dhiraa 20. Mbele yake palikuwa na ukumbi wa dhiraa 20, sawasawa na upana wa nyumba, nao ulitokeza mbele dhiraa 10. (Vile vyumba vya kando twaviacha, na unene wa kuta pia.) Mwanafunzi aliyezoezwa kugawanya umbo vipande atasema: mzingo wa nyumba ni 160, mzingo wa ukumbi ni 60, jumla yake 220. Kujumlisha kwake hakuna kosa hata moja, na jibu si la kweli. Akilizunguka jengo kwa miguu atapata 70 ubavuni, 20 mbele, 70 ubavu wa pili, na 20 nyuma, yaani 180. Zile 40 zilizozidi ni ukuta ulio kati ya ukumbi na nyumba, wa dhiraa 20, uliohesabiwa mara mbili, ingawa apitaye nje haugusi kamwe.

Lawama hii hatumtwiki mtoto. Kugawanya vipande ni njia njema ya kutafuta eneo: 1200 na 200 ni 1400, wala hapana kilichorudiwa, kwa kuwa mstari wa katikati hauna eneo. Mwalimu ameiona njia hiyo ikifaa huko, akaileta na huku pasipo kuonya.

Neno la pili tulaumulo ni michoro. Huchorwa shamba la pande sita, na kila upande umeandikwa urefu wake, basi kazi iliyobaki ni kujumlisha namba sita tu. Macho ya mtoto hayakufanya kazi yo yote. Afadhali namba mbili zifutwe. Shamba ni la mita 20 kwa 12. Pembe moja imekatwa kwa ajili ya kisima, mita 5 kwa 4. Mtoto atafute mwenyewe kwamba upande uliokuwa 20 umebaki 15, na uliokuwa 12 umebaki 8. Kisha ajumlishe: 20, 12, 15, 4, 5, 8. Atapata 64, na atashangaa, maana kabla ya kukatwa mzingo ulikuwa 64 vile vile! Mwenye shamba amepoteza mita za mraba 20, na seng'enge yake haikupungua hata kidogo. Kisima kile kile kikikatwa katikati ya upande mrefu, kwenda ndani mita 4, ardhi iliyopotea ni ile ile, lakini mzingo wafika 72.

Wenye kugawana mirathi na waliangalie sana jambo hili. Proclus, mwanachuoni wa Kiyunani wa karne ya 5 aliyeandika maelezo juu ya kitabu cha kwanza cha Euclid, ataja watu waliowapunja wenzao kwa hila hiyo: waliwaachia mashamba yenye mzingo mkubwa, wao wakatwaa yenye eneo kubwa, kisha wakasifiwa kuwa waadilifu. Apimaye shamba kwa hatua za kulizunguka peke yake aweza kudhulumiwa hivyo hata leo, naye akashukuru.

Wako walimu watakaosema kwamba mtihani u karibu, hawana nafasi ya kwenda nje na kamba. Kama ndivyo, kidole chatosha. Mtoto aweke kidole penye pembe moja ya mchoro, apite ukingoni, atie nukta kila penye kona, mpaka arudi alipoanzia. Nukta zikiwa sita, namba za kujumlisha ziwe sita. Zikiwa nane, ziwe nane. Nyumba ya Sulemani pamoja na ukumbi wake, kama tulivyoichora, ina kona nne tu, na yule aliyepata 220 alijumlisha namba nane.