Nani Atamwajiri Nani? Mtenda Aliyepotea katika Kiswahili cha Kampeni Mpakani Busia

Kabla ya uchaguzi wa Uganda wa Januari 2026 nilikuwa nyumbani Dabani, wilayani Busia, kwa likizo. Jioni moja nilikuta mabishano kwenye steji ya bodaboda. Mzee mmoja alikuwa amevaa fulana ya manjano ya chama tawala cha NRM. Kijana aliyembishia alikuwa wa NUP. Kwa kuwa palikuwa na watu wawili kutoka ng'ambo ya Kenya, mabishano yalikuwa kwa Kiswahili badala ya Lusamia. Mada ilikuwa kaka yangu, ambaye alikuwa palepale akifuta pikipiki yake.

Kaka aliwahi kuchimba mashimo ya nguzo za umeme kwa miezi mitatu. Kazi ilipoisha akarudi kwenye bodaboda. Mzee alimwonyesha kwa kidole: "Huyu hapa alipata kazi kwa mradi wa umeme. Ajira zinapatikana, nyinyi hamtaki kuona." Kijana naye akamwonyesha kidole yuleyule: "Mzee wangu, huyu hapa hana kazi. Wamekula pesa, wametuachia nguzo." Walipomaliza, kaka aliniambia, "Wote wawili wamenitaja, hakuna aliyeniuliza."

Makala hii ni uhakiki wa lugha iliyomfanya kaka awe ushahidi wa pande mbili kwa wakati mmoja. Sina nia ya kuamua chama kipi kina sera bora ya uchumi. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili cha kampeni tunachokisikia hapa mpakani kina tabia ya kumficha mtenda. Upande unaotawala hutunga sentensi zisizo na mtenda, na upande unaopinga hutunga sentensi zenye mtenda asiye na jina. Katika hali zote mbili swali moja hukosa jibu: nani atamwajiri nani, kwa muda gani, na kwa ujira gani?

Nianze na kitenzi kinachopendwa kuliko vyote: kupatikana. "Ajira zitapatikana." Sisi wanafunzi wa isimu tunajua kwamba hii ni kauli ya kutendeka. Tofauti yake na kauli ya kutendwa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nikisema "ajira zitatolewa", msikilizaji ana haki ya kuuliza "na nani?", kwa sababu kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda baada ya kiunganishi "na". Nikisema "ajira zitapatikana", nafasi hiyo haipo. Huwezi kusema "ajira zitapatikana na serikali" ukaeleweka. Sarufi yenyewe imemfukuza mtenda, na ahadi imebaki bila mdaiwa.

Nchini Kenya, mwaka 2022, muungano wa Azimio la Umoja wa Raila Odinga ulitumia neno moja kama kaulimbiu: "Inawezekana". Ni kauli ileile, yenye kiambishi kilekile tunachokikuta katika patikana, onekana na julikana. Neno hili lina nguvu ya kutia moyo, na huku kwetu watoto walilipaza bila kujua ni la chama gani. Lakini nini kinawezekana? Kwa nani? Nani ataliwezesha? Kaulimbiu haikudai kujibu. Nataja mfano huu makusudi ili ionekane kwamba ugonjwa huu si wa walio madarakani peke yao. Yeyote anayetarajia kuingia ikulu hujifunza sarufi hiyo mapema.

Wapinzani wa Azimio, yaani chama cha UDA cha William Ruto, walikuja na toroli kama alama na maneno "Kazi ni Kazi". Hapa tatizo ni la kisemantiki. Kaulimbiu hii inasifika kwa sababu inampa heshima mwendesha bodaboda na mama mboga, na heshima hiyo walistahili muda mrefu. Lakini inafuta mpaka kati ya maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga kwa busara: kazi na ajira. Kazi ni shughuli yoyote ya kutoa jasho. Ajira inatoka katika ukoo wa ujira, mwajiri na mwajiriwa. Ndani yake kuna watu wawili na malipo. Dabani hatujawahi kukosa kazi. Tunalima mihogo na mtama, tunabeba mizigo, tunavuka mpaka na bidhaa. Tunachokosa ni ajira. Mwanasiasa akisema kazi ni kazi, anaweza kuhesabu jembe la babu yangu kama mafanikio ya sera.

Neno "bodaboda" lenyewe ni shahidi wangu. Inakubalika kwamba lilizaliwa hapahapa mpakani, pale wenye baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha. Neno la Kiingereza la mpaka likarudiwa mara mbili, likapata matamshi yetu, na leo linatumika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Kazi hiyo haikuletwa na ilani ya chama chochote. Ilitokana na mpaka na umbali wa kutembea. Leo kila chama kinawagombania waendesha bodaboda kama kwamba ndicho kilichowazaa.

Vyombo vya habari vya Kenya vina msemo mwingine unaovuka kwa redio hadi kwetu: "kubuni nafasi za kazi". Watani wangu darasani hucheka kila wakiusikia, maana katika somo la fasihi "kazi ya kubuni" ni hadithi ambayo haikutokea. Najua kubuni kuna maana ya kuanzisha jambo jipya, na mwandishi wa habari hana kosa. Hata hivyo utani huo una ukweli, kwa sababu ahadi isiyo na mwajiri iko karibu zaidi na bunilizi kuliko na mkataba.

Sasa tuitazame nishati, ambako mabishano yale ya steji yalianzia. Wafuasi wa serikali ya Uganda hutaja mabwawa: Bujagali yenye megawati 250, Isimba yenye 183, na Karuma yenye 600 iliyozinduliwa Septemba 2024. Hizo ni kazi kubwa na hakuna sababu ya kuzibeza. Wapinzani hujibu kwa kutaja mikopo ya kutoka China na bei ya umeme. Tangu Aprili 2025, mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme ulipokwisha na usambazaji ukarudi kwa shirika la serikali la UEDCL, wamepata mada nyingine. Lakini sikiliza jinsi pande zote zinavyotoka kwenye megawati hadi kwenye ajira. Daraja la kati halipo. Megawati haimwajiri mtu. Anayeajiri ni kiwanda kinachoitumia.

Historia ya jirani zetu wa Tororo inalionyesha hilo vizuri. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na kabla ya muongo huo kwisha umeme wake ulikuwa ukipita Tororo kwenda Kenya. Tororo kulikuwa pia na kiwanda cha saruji kilichoanza mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950. Mtu wa Tororo aliweza kusema: mwajiri ni kiwanda kile, geti lake ni lile pale. Huku vijijini nyaya zilipita juu ya vichwa kwa miaka mingi bila kushuka. Umeme uleule ulimpa mmoja ujira na kumpa mwingine mandhari. Tofauti ilikuwa mwajiri, si wingi wa megawati.

Mfano wa pili ni bomba la mafuta kutoka Eldoret hadi Kampala. Tangu miaka ya 1990 serikali mbili zimelizungumzia. Mwaka 2007 kampuni ya Tamoil ya Libya ilikuwa ndiyo iliyochaguliwa kulijenga. Utawala wa Gaddafi ulipoanguka mwaka 2011, mradi ulikuwa bado haujasonga, kisha ukakwama. Miaka hiyo yote mafuta yameendelea kuvuka Busia na Malaba kwa malori. Mwaka 2023 Uganda na Kenya zilipozozana kuhusu nani aagize mafuta, hadi Uganda ikafungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha, kila upande ulizungumzia bei na heshima ya nchi. Mwaka 2024 walipatana, na shirika la UNOC la Uganda likaanza kuagiza lenyewe. Dereva wa lori, utingo wake, na mama anayewauzia chai wakati wa foleni hawakuwa na sentensi yao katika mjadala huo. Lakini bomba likijengwa kweli, wao ndio wa kwanza kuguswa, na si lazima kwa wema.

Hapa ndipo ninapowageukia wapinzani, ili uhakiki huu usiegemee upande mmoja. Kijana wa steji alisema "wamekula pesa". Tofauti na mzee, sentensi yake ina mtenda: kile kiambishi "wa-". Lakini ni "wa-" ya nani? Ni waziri, mhandisi, mkandarasi, au mwenyekiti wa kijiji aliyeandika orodha ya vibarua? "Wamekula", "wametusahau", "wametuibia" ni sentensi zinazotia joto mkutano, na mara nyingi zina ukweli. Lakini hazimpeleki mtu yeyote mahakamani wala bungeni, kwa sababu kiwakilishi bila jina hakiwezi kuitwa kujibu. Mwenye mamlaka hamwogopi "wa-". Anaogopa jina, tarehe na kiasi.

Na sarufi hii hufanya kazi katika mabaya kama inavyofanya katika mema. Umeme umekatika. Mradi umekwama. Fedha zimepotea. Vitenzi vyote hivi husimama vyema bila mtenda. Kwa hiyo ahadi inapotolewa hakuna mtoaji, na inapovunjika hakuna mvunjaji. Tumebaki na uchumi unaojiendesha wenyewe kama mvua.

Nimewahi kupingwa na mwenzangu kwamba ninailaumu lugha kwa makosa ya watu. Alisema "maji yanapatikana hapa" ni sentensi ya kweli na ya kawaida, na kwamba kaulimbiu haiwezi kubeba jedwali la mishahara. Nakubali yote mawili. Kauli ya kutendeka ina kazi yake halali, hasa pale mtenda asipokuwa na umuhimu. Ninachosema ni kwamba katika ahadi ya ajira mtenda ndiye umuhimu wenyewe. Ukimwondoa mwajiri katika ajira hubaki na kitu. Pia kaulimbiu inaweza kuwa fupi, lakini ilani ina kurasa nyingi na mkutano una saa nzima. Humo nafasi ya kumtaja mtenda ipo. Ilani ya CCM ya 2020 kule Tanzania ilitaja ajira milioni nane. Tarakimu ni hatua mbele, maana inaweza kudaiwa. Lakini hata tarakimu inahitaji mwajiri na muda. Kwa hesabu isiyouliza muda, miezi mitatu ya kaka yangu ni ajira moja kamili, sawa na ya mtu aliyestaafu baada ya miaka thelathini kiwandani.

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili Uganda tunaambiwa kwamba lugha hii itatufungulia milango ya Afrika Mashariki, na kwamba, ndiyo, ajira zitapatikana. Labda. Kwa sasa tuna kazi moja ambayo hatuhitaji kusubiri mwajiri ili tuifanye. Darasani tumefunzwa kubadili sentensi kutoka kauli ya kutenda hadi ya kutendeka, na tumefaulu mitihani hiyo. Zoezi linalohitajika Dabani ni la kurudi nyuma: kumsimamisha msemaji kwa heshima mkutanoni, kumwambia "mheshimiwa, rudia sentensi yako, safari hii anza na jina la atakayeajiri", kisha kuandika jibu lake pamoja na tarehe.