Kitunguu Kilikaangwa Mapema, Baga Ikaharibika

Mliotazama kipindi cha mapishi cha Jumamosi mliona pale baga ya Oklahoma ilipoharibika. Nyama ilikuwa bado haijagusa chuma. Mpishi alimimina mafuta kikaangoni, akatia vitunguu peke yake, akavikaanga hadi vikawa kahawia, kisha akaviweka kando kwenye sahani. Baada ya hapo hakuna alichofanya ambacho kingeweza kuiokoa.

Baga hii ni ya El Reno, mji wa reli ulio magharibi ya Oklahoma City. Mafundi wa reli walipogoma mwaka 1922, pesa ziliadimika, na kitunguu kilikuwa rahisi kuliko nyama. Ross Davis wa Hamburger Inn akakata vitunguu vyembamba, akavirundika juu ya tonge la nyama mbichi, akavigandamiza kwa mwiko bapa wa chuma hadi vikazama. Kitunguu kile hakikuwa pambo la juu. Kilikuwa kinaiongeza nyama, na ili kifanye kazi hiyo lazima kiingie kibichi.

Tazameni kinachotokea. Kitunguu kibichi karibu chote ni maji. Tonge likibamizwa nalo likiwa bichi, vipande vya kitunguu hushikamana na nyama. Upande wa chini ukishafanya ukoko, baga hugeuzwa, na sasa vitunguu ndivyo vinavyolalia chuma. Maji yake hutoka kama mvuke, hupanda pembeni ya nyama na kuulainisha mkate uliowekwa juu. Mafuta ya nyama nayo hushuka yakavikaanga vitunguu hivyohivyo. Vya katikati hubaki laini, vya pembezoni huungua kidogo. Utamu huo ukichanganyika na uchungu kidogo, hiyo ndiyo baga ya El Reno.

Mpishi wetu alileta vitunguu vilivyokwisha kutoa maji yake. Alipogeuza, mvuke wa maana haukuwapo, na mkate ukabaki mkavu. Sukari ya kitunguu, iliyokwisha kuiva tangu mwanzo, ikaungua upesi. Weusi ule mliuona. Mliona pia vitunguu vilivyodondoka pembeni, kwa sababu kilichokaangwa kikalegea hakiwezi tena kuishika nyama.

Tabia hii najua imetoka wapi: imetoka kwenye pilau. Kwenye pilau kitunguu hutangulia kwa kuwa ndicho kinachotoa rangi, na anayekiwahisha yuko sahihi. Kwenye baga ya Oklahoma kazi yake ni mvuke na kushikamana, na zote mbili zinakufa ukikitanguliza.

Nyama aliyochagua, yenye mafuta kama asilimia 20, ilikuwa sawasawa.

Lakini chumvi! Nimeliandika hili mara nyingi na nitaendelea kuliandika. Chumvi ikikandwa ndani ya nyama ya kusaga huyeyusha protini, nyama ikanatana na kukakamaa kama soseji. Inyunyizwe juu, wakati nyama inashuka kwenye chuma. Yai na chenga za mkate ziachwe kwenye kababu. Na kile kikaango kisichoshika, ambacho kila kipindi hutuonyesha, hakikuumbwa kwa moto mkali unaotakiwa hapa. Tawa la chuma la chapati linakishinda kwa mbali.

Waliotangulia hawakuhangaika hivi. Robert's Grill ipo El Reno tangu 1926, na hadi leo kitunguu huko hubamizwa kibichi. George Motz, aliyetengeneza filamu ya Hamburger America mwaka 2004, alipofungua mgahawa wake New York mwaka 2023 aliipeleka baga hii bila kuipindua. Mwenye jina kubwa kama lake angeweza kuongeza madoido, akaona heshima ni kuifuata kazi ya waliomtangulia.

Wewe utakayejaribu nyumbani, washa moto mkali chini ya tawa na lipate joto sawasawa. Chukua tonge la nyama la gramu 80 hivi, na kitunguu kilichokatwa kwa wembamba wa kachumbari, fungu lake likaribiane na la nyama. Bamiza, nyunyiza chumvi, subiri ukoko, geuza, weka jibini, funika kwa mkate. Kitunguu kiingie kibichi. Ukikikaanga kwanza, usiiite baga ya Oklahoma.